Babu Mihambo Amezikwa Bila Kuchekwa

Jumamosi jioni, mwisho wa Novemba. Mvua ilinyesha mchana, ikakatika, sasa imeanza tena taratibu. Kumbikumbi wameingia chumbani na wanaangusha mabawa yao juu ya kioo cha simu ninayoandikia.

Nina hasira.

Nalisema mapema kwa sababu wachache mnaonisoma hapa mmenizoea nikiandika juu ya huzuni. Huzuni naijua. Ni kitu cha kukaa nacho kimya, na ukimya nimezaliwa nao. Hasira ndiyo sijaizoea. Tangu Jumatano imenikaa kifuani kama tonge lililomezwa bila mchuzi, mpaka shangazi akaniuliza kama malaria imenirudia. Leo imetoka, mbele ya watu, na bado haijaisha.

Jumatano tulimzika Babu Mihambo.

Kwa wale ambao si wa Tabora: Babu Mihambo alikuwa mwigizaji. Huenda mmemwona bila kujua kwamba mmemwona. Kila watu wa filamu walipokuja huku kwetu, wa Dar es Salaam au wa Ulaya, kutengeneza hadithi za misafara ya zamani, za pembe za ndovu na wazungu waliokuwa wanatafuta maziwa na mito, walihitaji wapagazi, na wakihitaji wapagazi walimtafuta yeye. Ndiye yule mzee mrefu, mwembamba, aliyeweka pembe begani, anayepita nyuma ya punda. Katika filamu zote hizo hakupewa neno hata moja la kusema. Na katika karibu zote alikufa. Alikufa kwa homa, kwa kiu, kwa mkuki, na mara moja aliliwa na mamba. Akirudi kutoka kazini, watoto wa mtaa wetu wa Ng'ambo walikuwa wanamkimbilia na kumuuliza, "Babu, safari hii umekufaje?" Naye anajitupa chini palepale barabarani anawaonyesha.

Maneno yake alikuwa anayatumia hapa mtaani. Alikuwa anaigiza Ijumaa Kuu kanisani kwake, na Pilato wake alinawa mikono kwa madaha mpaka wamama wakakataa kumsalimia hadi Pasaka ilipopita. Alimwigiza mwenyekiti wa mtaa akitafuta miwani iliyoko usoni. Alimwigiza shangazi yangu akipatana bei ya dagaa. Ukiona anakutazama sana, ulijua jioni utaonekana barazani kwake, na ulitamani na kuogopa kwa wakati mmoja.

Mimi nilikuwa jirani tu. Nimezaliwa Ulyankulu, katika familia ya watu waliotoka Burundi kabla mama yangu hajazaliwa, na nilikuja mjini kwa shangazi ili nisome. Mwezi huu nimemaliza kidato cha nne. Nilipofika hapa sikuwa na sauti. Mwalimu akiita majina asubuhi nilijibu kwa midomo tu, akaniandika sipo. Babu alikuwa na mtoto wa jicho, herufi zilishamkimbia, kwa hiyo shangazi akanituma niwe namsomea maandishi ya filamu alizoletewa. Nilisoma kwa kunong'ona. Akanyanyua mkono, akasema, "Mjukuu, hao wapagazi wamelala? Wasomee waamke."

Alitaka asomewe mchezo wote, kila mtu anasema nini, ingawa yeye hakuwa na la kusema. Alisema hawezi kubeba mzigo asioujua ni wa nani. Babu yake mzaa baba alitembea kweli kutoka huku hadi pwani na kurudi, enzi ambazo kijana wa Kinyamwezi asiyefika pwani hakuhesabiwa mwanamume. Walikuwa watu wenye majina na maringo, aliniambia, wakiimba na kugombania nani atatangulia. Kwa hiyo kwenye ile filamu ya mwisho, iliyopigwa porini upande wa Igalula, alimwendea mwongozaji akamwomba kitu kimoja. Kabla mpagazi hajafa, aruhusiwe kutaja jina lake. Neno moja tu. Mwongozaji akamjibu kupitia mkalimani kwamba mpagazi haongei.

Filamu ilipotoka niliitazama mpaka mwisho, majina yalipokuwa yanapanda. Mbwa wa mzungu mwenye msafara alikuwa na jina. Babu aliandikwa mpagazi.

Sasa nieleze habari ya utani, maana hasira yangu yote inatoka humo.

Nyuma ya nyumba yetu anakaa Bi Mwanahawa, Mzaramo wa Kisarawe. Alikuja Tabora na mume wake aliyekuwa anafanya kazi reli, mume akafariki, yeye akabaki, anauza mkaa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu misafara. Babu alisema wapagazi walikuwa wanafika pwani wamechoka na wana vitu, wenyeji wana ngoma na maneno, wakapigana mpaka wakachoka, kisha wakakubaliana watukanane bila kupigana. Kila asubuhi Babu alipita kwa Bi Mwanahawa akimuuliza kama ameamka au bado anacheza ngoma ya jana. Naye anamjibu, "Mnyamwezi, pita upesi. Nina magunia hapa, ukiyaona utadhani ni ndugu zako." Akiumwa mmoja, wa kwanza kuleta uji ni mwingine, na uji unaletwa na matusi juu yake.

Na kwenye msiba mtani ana haki yake. Anaingia akiwa amevaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anasema kama marehemu, anazuia jeneza, anaingia hata kaburini akitaka na yeye afukiwe. Watu wanacheka huku wanalia. Si kila kabila linafanya hivyo, na sisi wa Ulyankulu hatuna mtani huku. Babu alipojua hilo alishtuka kuliko alivyoshtuka kujua sili panya wa shambani, kitoweo chake. Mtu asiye na mtani, akasema, akifa nani atamcheka? Akanichukua mimi niwe mtani wake. Tangu siku hiyo akawa ananiita mkimbizi, na mimi nikapewa ruhusa ya kumwita punda wa wazungu. Shuleni neno hilo la mkimbizi liliwahi kuninyamazisha kwa siku nyingi. Kwa Babu nilicheka, kwa sababu na mimi nilikuwa na langu la kumrudishia. Mara ya kwanza niliyowahi kupaza sauti katika mji huu ni kumwita mzee wa watu punda.

Alichotaka kwenye mazishi yake alikisema mara nyingi, mbele ya mke wake Bibi Nyamizi, mbele ya Elisha, mtoto wao mkubwa anayefanya kazi Dodoma, kila alipokuja likizo. Alisema hivi: "Msinifukie mpaka Mzaramo amenicheka. Nimekufa mara nyingi mbele ya kamera na hakuna aliyecheka. Hii ya kweli nataka ichekwe."

Jumatano basi.

Anko Elisha alileta viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, jenereta, mshereheshaji mwenye maikrofoni, na skrini kubwa chini ya turubai. Kulikuwa na mgeni rasmi. Kulikuwa na watu wa filamu kutoka Dar es Salaam waliovaa miwani myeusi ingawa kulikuwa na mawingu. Wazee wa mtaa waliwekwa nyuma, pembeni ya sufuria.

Kabla jeneza halijanyanyuliwa, Bi Mwanahawa akaingia. Alivaa koti la kaki la Babu, alilokuwa ameazimwa na Bibi Nyamizi. Kichwani ngata, ile ya kutulizia mzigo. Begani mkeka uliokunjwa, ndiyo pembe ya ndovu. Alikuwa anavuta mguu wa kushoto, anasimama kila baada ya hatua chache kutema mate pembeni, Babu mtupu. Akatazama watu, akatazama jeneza, akasema kwa sauti yake:

"Jamani, samahani, marehemu nimechelewa. Nimesikia kuna sanduku la kubebwa, nikajua lazima mtanipa mimi."

Kicheko kilianza. Kilianza kweli, nilikisikia, kama mvua inapoanza upande wa pili wa mtaa. Mchungaji aliinamisha uso akaziba mdomo kwa kitabu chake. Bibi Nyamizi, ambaye alikuwa hajainua kichwa tangu mumewe afariki, akainua kichwa.

Anko Elisha akanyoosha kidole.

Vijana wawili wa kamati, waliokuja naye kutoka Dodoma, wakamshika Bi Mwanahawa kwapani. Walidhani amelewa. Bi Mwanahawa, ambaye hata togwa iliyokaa sana hanywi. Mkeka ukaanguka kwenye tope, mmoja akaukanyaga. Mshereheshaji akasema kwenye maikrofoni kwamba tunaomba tuheshimu msiba, mama huyu asaidiwe kutoka, tuna mgeni rasmi. Bi Mwanahawa hakupigana. Aligeuka mara moja tu, akauliza, "Elisha. Mimi?"

Elisha alikuwa anamrekebishia mgeni rasmi kiti.

Wazee walitazamana. Hakuna aliyesimama. Kule nyuma mtu alisema siku hizi mambo yamebadilika, na wengine wakaitikia kama watu wanaoitikia sala.

Kisha wakawasha skrini, ili tuone kazi za marehemu.

Walichagua kipande kutoka ile filamu ya mwisho, kwa sababu ndicho pekee ambapo uso wake unaonekana vizuri. Jeneza lilikuwa palepale, mbele ya skrini. Tukamwona Babu anakuja na pembe begani, jasho linamtoka, magoti yanakunjika, anaanguka. Mzungu anasimama juu yake, anasema maneno ya Kiingereza kwa upole, anamfumba macho kwa vidole viwili. Halafu anamruka, anaendelea na safari, na kamera inakwenda naye.

Bibi Nyamizi alipiga ukelele ambao sitausahau. Mshereheshaji akasema, kazi zake zitaishi milele. Watu wa miwani wakapiga makofi.

Alizikwa hivyo, na kaburini hakuna aliyezuia chochote. Udongo uliingia haraka.

Usiku ule Bibi Nyamizi aliniita niketi karibu naye kwenye godoro la msibani. Akanishika mkono akaniuliza, "Mjukuu, alifia hospitali, siyo? Hakufia porini." Nikamwambia alifia hospitali, Bibi, wewe mwenyewe ulikuwa umemshika mguu. Akasema, ndiyo. Baada ya muda akaniuliza tena. Na Alhamisi akaniuliza tena. Kila akifumba macho anamwona anaanguka na yule mtu anamruka.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza. Watu waliokuja kumheshimu wamemwibia mjane kifo cha mume wake, wakamwachia kifo cha filamu.

Ijumaa nikaenda kwa Bi Mwanahawa. Alikuwa anachekecha mkaa. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Nikamwomba aje kesho kwenye kumaliza matanga, afanye alichokuja kufanya. Akaendelea kuchekecha.

"Mtani hajipeleki mara mbili," akasema. "Ya kwanza ni haki yangu. Ya pili ni kuomba omba."

Nikasema watu walikuwa wanacheka, Bi, walikuwa wanakupenda.

"Wewe nawe. Unadhani nilikwenda kuchekesha? Nilikwenda kulia. Sisi ndivyo tunavyomlilia Mnyamwezi. Sasa nimebaki na kilio changu ndani, nikipeleke wapi?"

Nilimsaidia kuchekecha, mikono ikawa myeusi, nikarudi nyumbani.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumaliza matanga. Tulikula wali na mbuzi chini ya turubai lililobaki. Wageni wakubwa walishaondoka. Anko Elisha akasimama kushukuru. Alishukuru kamati, jenereta, waliotoka mbali. Alisema baba yake amezikwa kwa heshima inayomstahili. Kisha akasema kile kipande cha filamu atamtumia kila mtu kwenye simu, kiwe kumbukumbu.

Nilimtazama Bibi Nyamizi. Alikuwa amefumba macho, na ghafla akayafumbua kama mtu aliyeguswa na moto.

Nikasimama.

Sijui nilisimamaje. Mimi ambaye kwenye mahafali nilimpa rafiki yangu aende kunichukulia cheti cha usafi. Nilisema, "Anko Elisha, shikamoo." Akasema marahaba, akingoja pole. Nikasema Babu hajachekwa. Nikasema aliomba, na hapa wote mlisikia, na mtani wake akatolewa kama mlevi, na nikamwomba asitume kile kipande kwa sababu Bibi hawezi kulala.

Alijaribu kwanza kwa upole. Akasema binti, hayo ni mambo ya zamani, baba alikuwa mtu mkubwa, hatuwezi kumfanya kichekesho mbele ya viongozi. Nikasema ni yeye aliyetaka. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka lakini ilikuwa inasikika. Nadhani hilo ndilo lililomkasirisha, kwamba ilikuwa inasikika.

"Na wewe ni nani katika ukoo huu?" akauliza. "Mkimbizi mmoja wa Ulyankulu ndiye atufundishe kuzika?"

Hata waliokuwa wanaosha vyombo waliacha.

Nataka nieleze vizuri hili. Lilikuwa neno lilelile. Lakini Babu alinipa neno hilo pamoja na langu la kurudisha. Elisha alilitupa tu, kama mtu anayetupa mfupa asioutaka. Wiki iliyopita ningekaa, ningelia chooni. Leo nilijikuta nimefungua mdomo.

"Ndiyo, mkimbizi," nikasema. "Na baba yako punda wa wazungu."

Shangazi alishika kichwa. Mtu mmoja akasema, Yesu. Sikungoja. Nilichukua kigoda kilichokuwa miguuni mwangu, nikakiweka begani, nikaanza kutembea kati ya mikeka kwa kuvuta mguu wa kushoto.

Niliigiza mchezo ambao Babu aliutunga mwenyewe na kunichezea barazani, baada ya kunyimwa lile neno lake moja. Mpagazi anaanguka. Mzungu anakuja, anasikitika, anamfumba macho. Mpagazi anafumbua jicho moja, anamuuliza, "Bwana, umenifumba macho, njia unaijua?" Mzungu anashtuka. Mpagazi anakaa kitako, anasema, "Haya, mimi nimekufa. Mzigo anabeba nani?" Mzungu anajaribu kunyanyua pembe, mgongo unakataa. Basi mpagazi aliyekufa anamhurumia, anasimama, anajipangusa vumbi, anataja jina lake, jina la baba yake na jina la kijiji chake, anamwambia haya sasa nifuate.

Nilicheza vibaya. Nilisahau sehemu, nikarudia. Kanga ilitaka kufunguka. Nilipokuwa mzungu nilisikika kama bata. Lakini nilipofika kwenye jina, nikalitaja kwa nguvu zangu zote, Mihambo, na la baba yake, na la kijiji, na wale wazee walioketishwa karibu na sufuria wakaitikia.

Kisha nikasikia kama mtu anakohoa. Alikuwa Bibi Nyamizi. Alikuwa anacheka na pua, kama mtu anayejizuia kanisani.

"Hakuwa anaanguka hivyo," akasema. "Alikuwa anatanguliza matako. Mifupa yake aliionea huruma."

Turubai zima likapasuka kwa kicheko. Bibi alicheka mpaka wakamshika. Alipotulia alimwita Elisha, akamwambia kwa Kinyamwezi maneno ambayo niliyaelewa nusu, lakini nusu ilitosha. Aende mwenyewe, kwa miguu, kwa Mzaramo.

Alikwenda. Nusu ya msiba ikamfuata kwa mbali, ikijifanya inakwenda dukani.

Bi Mwanahawa hakunyanyuka. Elisha akamwamkia, akasema amekuja kuomba radhi. Bi Mwanahawa akamzunguka akimtazama kuanzia viatu vinavyong'aa mpaka shati jeupe, akawageukia watu.

"Huyu nani? Anasema ni Mnyamwezi, na amekuja kwangu mikono mitupu. Mnyamwezi bila mzigo? Huyu wamembadilisha hospitali."

Akaonyesha kiroba cha mkaa. Elisha akatazama shati lake. Akatutazama sisi. Kisha akainama, akakiweka begani.

Walikwenda hivyo mpaka makaburini, yeye mbele na kiroba, Bi Mwanahawa nyuma amelivaa tena lile koti la kaki, sisi na watoto tukifuata, mvua ikianza. Njia nzima alimsema. Badilisha bega, unakwenda kama bibi harusi. Babu wa baba yako alifika pwani, wewe hata makaburini utatufia. Elisha hakujibu kitu. Mtani hajibiwi kwa hasira, na hilo nadhani alilikumbuka njiani.

Kaburini Bi Mwanahawa alifanya kila alichotaka kufanya Jumatano. Alimwigiza Babu akikoroma. Alimwigiza akipunjwa nyama, kisha akiwa Pilato mwenye njaa. Alijilaza juu ya udongo akasema Mnyamwezi sogea, umezoea kulala njiani, acha nafasi ya watu. Tulicheka tukiwa tumelowa. Na mahali fulani, sikuona ni wapi, kicheko chake kikawa kilio, na wala hakubadilisha sauti, alikuwa anaendelea kumtukana tu huku analia.

Elisha alikuwa bado amesimama na kile kiroba. Hakuna aliyemwambia atue. Alipokitua, bega lote jeusi, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Tukirudi, Bi Mwanahawa aliniambia kwamba Elisha alipokuwa shule ya msingi wenzake walimwita mtoto wa mpagazi, na alikuwa anarudi nyumbani na mdomo umevimba kwa kupigana. Ndiyo maana ya vile viti vyeupe, akasema. Alitaka siku moja baba yake awe bwana.

Nimeelewa. Kuelewa hakujaniondolea hasira. Babu alitaka achekwe kabla ya kufukiwa, siyo juu ya kaburi ambalo maua yake yameshanyauka. Wale vijana wa kamati wamerudi Dodoma bila kujua walichokifanya. Yule mbwa bado ana jina. Na kile kipande, shangazi ameniambia sasa hivi, mtu alikirekodi siku ile ya mazishi na kinazunguka mjini simu hadi simu.

Lakini Bibi Nyamizi amelala. Nilipita kumwangalia kabla ya kuja kuandika. Hakuniuliza kitu.

Elisha alikuwa nje, anafua shati kwenye beseni. Aliniona. Akasema, "Mjukuu wa baba, samahani." Nikasema usiku mwema, nikapita.

Kesho ni Jumapili. Kanisani tutafika kwenye ile sehemu ya sala ya kuwasamehe waliotukosea. Huwa naisema kwa sauti ndogo ambayo hata aliye pembeni yangu haisikii. Kesho nitajaribu, nione kama itatoka. Leo isingetoka.